Hesabu ya Mnara na Majina ya Watu

Somo: Luka 14, mstari wa 28 hata wa 30



Makutano makubwa walipokuwa wakifuatana na Bwana wetu njiani kwenda Yerusalemu, yeye hakuwasifu kwa ajili ya wingi wao. Aligeuka, akawapa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara. Mtu huyo, kabla hajachimba msingi, huketi kwanza akapiga hesabu, apate kujua kama anavyo vya kumalizia. Asipofanya hivyo, msingi utabaki wazi bila ukuta, na kila apitaye atamcheka.

Bwana alisema hayo juu ya gharama ya kumfuata yeye, wala haifai kuugeuza mfano wake uwe somo la biashara tu. Lakini tuangalie jambo moja. Aliuchukua mfano huo katika maisha ambayo kila msikilizaji aliyajua na kuyakubali. Hapakuwa na mtu katika makutano yale aliyeuliza kwa nini mjenzi aketi kwanza. Walijua wote kwamba kuketi na kuhesabu ni sehemu ya kujenga, kama vile kufyatua matofali na kuchanganya chokaa ni sehemu ya kujenga.

Mji wetu wa Tanga nao una mnara wake wa siku hizi. Ni Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, ambalo njia yake ni kilometa 1,443 kutoka Hoima katika Uganda mpaka rasi ya Chongoleani, kaskazini mwa mji. Kilometa 1,147 za njia hiyo, yaani karibu sehemu nne katika tano, zimo katika nchi yetu, katika mikoa minane: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Serikali mbili zilitia sahihi mkataba mwezi Mei 2017, na mwezi Agosti mwaka huo huo Rais John Magufuli na Rais Yoweri Museveni waliweka jiwe la msingi pale Chongoleani. Tarehe 1 Februari 2022 wenye mradi walitangaza uamuzi wao wa mwisho wa kutoa mtaji. Katika kila hisa 100, kampuni ya TotalEnergies ya Ufaransa ilichukua 62, shirika la mafuta la Tanzania 15, la Uganda 15, na kampuni ya CNOOC ya China 8. Kwa kuwa mafuta ya Uganda huganda kama nta yakipoa, bomba lilipangwa lipashwe moto njia nzima, ili mafuta yapate kutiririka mpaka kwenye matangi ya Chongoleani, na kutoka hapo mpaka melini.

Kazi kubwa namna hii ikifika katika mji, maneno huwa mengi, sokoni Ngamiani na barazani, na hata nje ya kanisa baada ya Misa. Wengine husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Vijana watapata kazi, nyumba zitapata wapangaji, mama lishe watapata wateja. Wengine hujibu, usiache mbachao kwa msala upitao. Shamba ni shamba na bahari ni bahari, lakini kampuni ni msafiri. Methali zote mbili ni za wazee wetu, na zote mbili ni kweli. Kazi ya Mkristo ni kuketi kwanza na kuhesabu, kabla hajachagua ile inayoupendeza moyo wake.

Yatupasa kusema wazi kwamba kuhesabu si kukosa imani, wala si kupinga maendeleo. Yusufu katika Misri alipanga akiba ya nafaka ya miaka saba, na Maandiko yanamsifu kuwa mtu mwenye Roho wa Mungu. Mwenye kuuliza ni nani atakayelipa gharama, asiitwe adui wa taifa. Vivyo hivyo kijana atafutaye kibarua cha kuchomelea mabomba asiitwe mwenye tamaa, maana ana mama wa kumlisha na wadogo zake wa kuwasomesha. Wazee walituachia neno: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tufungue daftari.

Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo umekwisha kuandikwa, na sisi watu wa Tanga tunaujua kuliko wengi. Ni ukurasa wa mkonge. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka huo huo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga, ikafika Moshi mwaka 1911. Kutoka miche ile 62 yalitoka mashamba yaliyofunika nchi, mpaka Tanganyika ikawa ya kwanza duniani katika mkonge. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na mji wa Tanga ndio uliokuwa mlango wake. Wakubwa wetu wanakumbuka bandari iliyojaa marobota ya katani na maduka yaliyojaa watu.

Kisha mnara ule ukatetemeka. Bei ikaanguka. Baada ya mashamba mengi kutaifishwa mwaka 1967, uendeshaji wake nao ulidhoofika. Lakini pigo kubwa lilitoka nje: kamba za plastiki zikaingia sokoni, nyepesi na rahisi, na wakulima wa Ulaya na Marekani wakaacha kufunga majani yao kwa katani. Kufika miaka ya 1990 nchi haikuweza kutoa hata tani 50,000 kwa mwaka. Korona nyingi zilinyamaza, na kambi za wafanyakazi zikabaki na wazee wasio na mshahara wala mahali pa kurudi.

Nazo zile kamba za plastiki zilizoiua katani zinatengenezwa kwa mafuta ya petroli. Kitu kilichotunyang'anya riziki ya jana ndicho tunachoambiwa kuwa riziki ya kesho. Hatusemi hivyo ili kumcheka mtu. Twasema ili tukumbuke kwamba mji ukitegemea kitu kimoja, uhai wake uko mikononi mwa mnunuzi aliye mbali, ambaye siku akiona kilicho rahisi zaidi hataandika hata barua ya kuaga.

Mkonge ulituachia pia neno moja ambalo kila mtu wa Tanga analijua: manamba. Watu waliletwa kutoka mbali, kutoka Songea na Kigoma, kutoka Burundi na Msumbiji, ili wakate mkonge. Kila mtu alipewa namba, na kwa namba hiyo aliitwa kazini, alipokea posho, na alikatwa mshahara alipokosa. Jina alilopewa na babaye halikuwa na kazi shambani. Neno hilo limebaki katika lugha yetu, na mpaka leo mtu akidharauliwa kazini husema, nimefanywa manamba.

Ndugu, katika hesabu ya mnara kuna hatari hiyo. Twaweza kuhesabu vizuri sana, kwa vitabu na mihuri, na bado tukawa tumegeuza watu kuwa manamba. Bwana wetu asema katika Yohana 10 kwamba mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina. Mtu wa mshahara naye anajua idadi ya kondoo, maana ndiyo anayolipiwa, lakini akimwona mbwa mwitu hukimbia. Mchungaji hakimbii, kwa kuwa ndani ya ile idadi anawajua walio wake. Basi Kanisa likiulizwa lina neno gani katika mambo ya bomba na matangi na bandari, neno lake ni hili: gharama ihesabiwe, na kila mtu anayelipa gharama hiyo ajulikane kwa jina.

Tuanze na mwenye shamba. Katika nchi yetu watu zaidi ya 9,000 waliguswa na mradi huu katika ardhi yao au mazao yao. Tusomapo 1 Wafalme 21 twamwona Nabothi wa Yezreeli. Mfalme Ahabu hakuanza kwa ubaya. Alimwahidi shamba lililo bora kuliko lile, au fedha kamili kama akipenda. Kwa hesabu ya soko ilikuwa biashara nzuri. Nabothi alikataa, kwa sababu shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake, na urithi haumo katika bei. Dhambi ya Ahabu ilianza hapo alipokwenda kulala amegeuza uso ukutani, akakataa kula chakula kwa kuwa mtu mdogo amesema hapana. Baada ya hapo Yezebeli alitafuta mashahidi wa uongo, nao walipatikana upesi.

Sheria yetu si sheria ya Ahabu, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Serikali yaweza kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki, na ya haraka. Mwenye shamba anastahili thamani ya soko ya ardhi yake na vilivyomo, na zaidi ya hapo posho ya usumbufu, gharama ya kuhama, na hasara ya faida aliyokuwa akiipata. Haya si hisani ya kampuni, ni haki ya mtu. Lakini haki isiyojulikana ni kama dawa iliyofungiwa kabatini. Mzee asiyesoma akiwekewa karatasi mbele yake aambiwe aweke dole gumba, na hakuna mwana wala jirani wa kumsomea, je, amekubali au amefanywa manamba? Katika mtaa wetu tunao walimu, makarani, na vijana waliomaliza sekondari. Kumsomea mzee karatasi yake kabla hajaitia dole ni kazi ya Injili kama vile kumpelekea mgonjwa Komunyo.

Na hata fidia ikilipwa yote, yako mambo yasiyoandikwa katika fomu. Mnazi mkubwa una bei yake, lakini kaburi la bibi lililo chini ya mnazi ule lina bei gani? Huhamishwa kwa heshima, ndiyo, na gharama ya kuhamisha hulipwa. Lakini njia ya kwenda kaburini, ambayo watoto waliijua kwa miguu yao, hailipwi. Hatusemi kwamba kwa hiyo kusijengwe kitu. Twasema asitokee mtu akamwambia aliyepoteza kwamba hakupoteza kitu kwa kuwa amelipwa.

Tumtazame mwanamke pia. Fedha za fidia huingia nyumbani mara nyingi kwa mkono wa baba. Tumeona katika nchi yetu, wakati wa mavuno mazuri na wakati wa mafao ya kustaafu, jinsi fedha nyingi za ghafula zinavyoweza kuvunja nyumba. Baba hununua pikipiki, huoa mke mwingine mjini, na baada ya mwaka mmoja mama na watoto hawana shamba wala fedha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe. Umoja wa Mama wangefanya vema kulifundisha jambo hili katika mikutano yao, tena mbele ya waume, kwa upole na bila kificho. Mume Mkristo ashikaye fedha za fidia peke yake na kuficha kiasi chake, huyo amemfanya mke wake manamba ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kisha yuko mvuvi. Huyu ni rahisi kusahauliwa kuliko wote, kwa sababu bahari haina hati. Mwenye shamba ataonyesha mpaka wake, ataita mashahidi, atahesabu minazi. Mwenye ngalawa ataonyesha nini? Anajua mahali pa kutega dema, anajua mwamba wa changu, anajua bamvua na maji mafu, naye hakuandikiwa popote. Penye gati la meli za mafuta, vyombo vidogo huzuiwa kukaribia, na ni haki vizuiwe kwa usalama. Lakini kila hatua ya bahari iliyofungwa kwa mwenye ngalawa ni sehemu ya shamba lake iliyotwaliwa. Wanawake waendao maji yakitoka kutafuta pweza na chaza nao wana shamba pale. Wengi wa watu hawa wa Chongoleani ni ndugu zetu Waislamu. Bwana alipoulizwa jirani ni nani, alimtaja Msamaria. Hatukusanyiki kuwatetea wa dini yetu peke yao.

Bahari yetu ina jambo jingine la kutufundisha. Wataalamu wa dunia walifundisha kwamba samaki aitwaye silikanti alikwisha duniani zamani sana, miaka mamilioni mengi kabla ya mwanadamu, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Mwanzoni mwa karne hii wavuvi wa Tanga walianza kumpata katika nyavu zao, na mwaka 2009 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti katika pwani yetu. Mungu hakumsahau samaki huyo kwa muda wote ambao hakuwa katika vitabu vya watu. Atamsahau mvuvi ambaye jina lake halimo katika orodha ya fidia? Na mafuta yakivuja katika bahari hiyo, kwenye mikoko na matumbawe, hakuna hesabu itakayorudisha kwa mwaka mmoja kilichokua kwa karne nyingi. Kwa sababu hiyo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka athari zipimwe na wananchi wasikilizwe kabla ya kazi kuanza. Mkutano wa namna hiyo ukiitishwa, kwa ajili ya kazi hii au nyingine yoyote itakayokuja katika mji, Mkristo asiende kwa ajili ya soda na posho. Aende akaulize, chombo cha kuzuia mafuta kiko wapi, nani amefundishwa kukitumia, na mvuvi atalipwa na nani siku hiyo?

Sasa tuhesabu miaka. Mafuta ya Uganda yanayokadiriwa kuweza kutolewa ni mapipa bilioni 1.4. Bomba lilipangwa kupitisha mapipa 216,000 kwa siku. Mtoto wa shule aweza kuigawanya hesabu hiyo: kwa mwendo huo, mafuta yote yangekwisha katika miaka isiyozidi 18. Tuseme mwendo utapungua na miaka itaongezeka, bado ni muda wa kizazi kimoja. Mtoto tunayembatiza mwaka huu ataziona siku za mwisho za bomba hilo akiwa bado ana nguvu za kufanya kazi. Tena kazi nyingi za mradi wa namna hii ni za wakati wa kujenga. Mitaro ikifukiwa na matangi yakisimama, wachache hubaki kulinda mitambo, na wengi hurudi nyumbani. Basi mzazi asimwachishe mtoto shule akimbilie kibarua cha miezi sita. Lakini kijana aliyejifunza kuchomelea, au umeme, au udereva wa mitambo, atakuwa na mkono wenye kazi hata bomba litakapokauka. Mshahara wa msimu utumike kununua ujuzi wa maisha. Hilo ndilo fungu ambalo hakuna mnunuzi wa mbali awezaye kulipunguza bei.

Wako wasemao kwamba mafuta yangefaa kuachwa ardhini, kwa kuwa moshi wake unaongeza joto la dunia. Mwezi Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuukosoa mradi huu kwa sababu za haki za watu na mazingira, na viongozi wa Uganda na Tanzania waliukataa ukosoaji huo. Si haki kwamba mataifa yaliyotajirika kwa makaa na mafuta yawe hakimu wetu, huku magari yao yakiendelea kwenda. Wala si haki kwa mtu wa pwani kujifanya kwamba jambo hilo halimhusu, maana Pangani wanaona jinsi bahari inavyokula ukingo wa mji. Yote mawili ni kweli, na Mkristo hana ruhusa ya kulisema moja na kulinyamazia la pili.

Tukumbuke pia kwamba bomba lina ncha mbili. Kule Hoima yako makao ya Dayosisi ya Bunyoro-Kitara ya Kanisa la Uganda, Waanglikana kama sisi, wanaokula mkate mmoja na kunywea kikombe kimoja nasi. Visima vyao viko kando ya Ziwa Albert, na vingine ndani ya hifadhi ya wanyama ya Murchison Falls. Tulipowaombea Waganda zamani katika siku za mateso yao, hatukuwa na bomba la kutuunganisha, tulikuwa na Mwili wa Kristo tu, nao ulitosha. Tuwaombee tena.

Wengine watasema, Kanisa litahubirije hivi juu ya jambo lililo jema kwa taifa? Tumtazame Nehemia. Kujenga ukuta wa Yerusalemu kulikuwa kazi ya Mungu, hakuna awezaye kuikana. Lakini katika mlango wa tano, katikati ya ujenzi, kilikuja kilio. Watu walisema wameweka rehani mashamba yao na kuwatoa watoto wao kuwa watumwa ili wapate nafaka. Nehemia hakuwaambia wangoje mpaka ukuta uishe. Hakusema kwamba wanachelewesha maendeleo au wametumwa na maadui, ingawa maadui walikuwako kweli. Alikasirika, akatafakari moyoni, akaitisha kusanyiko kubwa, akawaambia wakuu warudishe mashamba siku ile ile. Nao ukuta ukamalizika. Kilio kilichosikilizwa hakikuuvunja ukuta. Kilio kisichosikilizwa ndicho kingeuvunja, kwa kuwa ungewalinda watu ambao ndani wamekwisha kuuzana.

Basi tushike nini? Kwanza, kila jumuiya katika mtaa wetu iwajue watu wake waliopoteza shamba, mazao, au mahali pa kuvua, iwajue kwa majina, na majina hayo yatajwe katika maombi na yafuatwe kwa miguu. Pili, mtu asitie sahihi peke yake. Aende na mke wake au mume wake, na msomaji anayemwamini, na abaki na nakala. Tatu, Kanisa lenyewe lijilinde. Kazi kubwa zikija mjini, zawadi nazo huja: bati za kanisa, saruji, kinanda. Zawadi yaweza kupokelewa kwa shukrani. Lakini Halmashauri ya Mtaa iulize kila mara swali moja: je, tukiipokea hii, bado tutaweza kumtetea mvuvi kwa sauti ile ile? Kama jibu ni hapana, mvua inayovuja juu ya madhabahu ni heri kuliko bati hizo.

Bwana hakutuambia tusijenge minara. Alituambia tuketi kwanza. Naye mwenyewe, alipokuja kuijenga nyumba yake iliyo ya milele, aliketi akahesabu, akaona gharama ni damu yake, akailipa yeye. Hakumtoza maskini. Katika ubatizo alituita kila mmoja kwa jina, na jina hilo halifutiki kwa namba ya kazi, wala namba ya kiwanja, wala namba ya fomu.

Tuombe. Ee Mungu, uliyeweka mafuta chini ya miamba na samaki katika vilindi, uwape viongozi wetu moyo wa Nehemia, uwape wenye mali hofu ya kuonewa kwa mnyonge, uwape vijana wetu kazi na akili ya kuitumia, uwalinde wavuvi wetu na mashamba yetu, na utufundishe sote kuhesabu kama watu wanaojua kwamba wewe nawe watuhesabu, mmoja mmoja, kwa jina. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.